Muulize Muuza Chai Kwanza

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikishuka matatu mbele ya ukuta mmoja wa Eastlands, Nairobi. Ukutani palikuwa na mwanamke mzee, kitambaa kichwani, mkono ameukinga juu ya macho kama mtu anayetazama mbali juani. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa duka lililokuwa kando yake. Kila jioni nilimpita na mfuko wangu wa sukuma wiki nikijiambia nitasimama Jumamosi. Jioni moja nikakuta ukuta umepakwa rangi ya krimu, na juu yake tangazo la vyumba vya kupanga. Sikuwa na picha yake hata moja. Nilipomuuliza kijana wa duka la M-Pesa, alinijibu bila kuinua kichwa: “Yule mama? Alichorwa na jamaa wa hapa nyuma. Ni nyanya yake.”

Jibu lilikuwa hatua ishirini kutoka steji, na nilikuwa nimelipita siku zote hizo.

Kwa hiyo anayetaka kuijua michoro ya kuta za Nairobi namshauri atafute mtu kabla ya kutafuta ukuta. Ramani ya simu itakupeleka kwenye kuta chache za katikati ya jiji na kwenye mikahawa ya Westlands na Kilimani iliyolipia picha za kupendezesha wateja. Kazione, ni kazi safi. Lakini mchoro wa Kayole, wa Kangemi au wa Mathare hauna anwani, na anayejua ulipo ni yule anayeshinda karibu nao: mama wa chai, fundi wa viatu, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, mwenye kinyozi. Nunua chai kwanza. Keti. Ukishafika katikati ya kikombe ndipo uulize.

Na swali lenyewe lina namna yake. Ukiuliza “michoro iko wapi?” utaonyeshwa kwa kidole, basi. Ukiuliza “hapa mtaani nani huchora?” utapewa jina, utaambiwa anakoishi mamake, utasikia alivyoanza kwa kuchora wachezaji mpira kwenye daftari la hesabu, na mara nyingi utapewa nambari yake ya simu. Neno grafiti linaeleweka na vijana wote. Kwa wazee, sema picha za ukutani.

Kabla hujafika kwenye kuta kubwa, jifunze kusoma mabango. Watu wengi huyaruka, nami naona ndipo penye shule yenyewe. Ng'ombe wa ubavuni mwa bucha, sahani ya ugali na samaki kwenye mlango wa hoteli, vichwa vinne vya mitindo ya nywele nje ya kinyozi, tairi na plagi kwenye geti la gereji: yote hayo yamepigwa kwa brashi na mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Kijana huandika bei za chipsi miaka mingi kabla mtu hajamwamini na ukuta wa mita kumi. Chagua barabara moja tu, tuseme ya Kawangware, uipande upande mmoja na kuishuka upande wa pili ukiangalia vinyozi peke yake. Tazama jicho linavyochorwa, tazama kivuli cha herufi kinaangukia kulia au kushoto, tazama ngozi imechanganywa kwa rangi ngapi. Ukifika kibanda cha sita au cha saba utaanza kuutambua mkono, useme huyu ni yule wa kule chini. Kisha shuka kwa macho hadi pembe ya chini ya bango. Mara nyingi fundi huacha nambari yake pale, ndogo, kwa ajili ya mteja ajaye.

Utakutana pia na maduka yaliyopakwa safu nzima rangi ya kampuni ya simu au ya soda, jina la mwenye duka limebanwa juu ya mlango. Hayo ni matangazo. Usiyadharau, kwa maana huenda aliyeyapaka ni fundi yule yule na ndiyo yaliyomlipia kodi ya nyumba mwezi huo. Ila kwa kawaida hayana saini, na saini ndiyo unayoitafuta.

Dar es Salaam mtaani alama hiyo ya mtu inaitwa chata, na kundi la wachoraji wa huko, Wachata, lilijipa jina kutokana na neno hilo. Nimelipenda, na nalitumia hata huku kwetu. Chata ya grafiti haisomeki kwa urahisi. Herufi zimepindwa, zimekaliana, nyingine zimegeuzwa mishale. Usihangaike kuisoma siku ya kwanza. Inakili kwa penseli kama unavyonakili umbo la jani. Ukiikuta mahali pengine utaitambua kabla ya kujua inasemaje. Nairobi kuna majina yaliyokwisha kujulikana: Swift9, Bankslave, Smokillah, kundi la BSQ, Wisetwo na nyuso zake zinazofanana na vinyago vya kale katika rangi kali, Solo 7 wa Kibera. Jifunze majina matano, na wiki ijayo utayaona kwenye mlango wa mabati ulioupita miaka yote.

Wachoraji wana makao pia, na kwenda huko mapema kutakuokolea siku nyingi za kuzurura. Kwenye Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni kuu, kati ya injini kuukuu za moshi, mchoraji Patrick Mukabi alianzisha karakana aliyoiita Dust Depo, na vijana wengi wanaochora jijini wamepitia mikononi mwake. BSQ nao wamefanyia kazi hapo hapo. Kuna kiingilio cha makumbusho. Lipa, kisha tembea taratibu, kwa sababu kuta za uwanja huo nazo zimechorwa. Kilimani, katika Likoni Close, kuna Kuona, iliyoanza mwaka 1995 na iliyowalea wasanii wengi wa nchi hii. Usiende mikono mitupu. Ukiwa na daftari lenye chata sita ulizonakili, mlango utafunguka haraka: “Huyu ni nani?” ni swali ambalo wachoraji hulijibu kwa furaha, na mabishano yake ni matamu kuyasikiliza.

Ukitoka kwenye makumbusho uko karibu na steji ya Railways, zinakopakia matatu za Rongai, na sidhani mtu anaweza kusema ameiona michoro ya Nairobi bila kusimama pale. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ni ukuta unaotembea. Nyuso za wanasoka na za waimbaji, mistari ya dini, majina ya mitaa, yote yamechorwa kwenye gereji zinakojengwa bodi, na kazi ile inaendelea hadi ndani, kwenye dari na migongo ya viti. Nenda kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Wakati huo foleni ni ya polepole na makanga ana nafasi ya kuzungumza. Saa kumi na moja jioni utasukumwa tu. Zungukia nyuma ya gari, kwa sababu nyuma ndiko mchoraji hujitolea zaidi: anajua dereva wa gari linalofuata atatazama hapo nusu saa nzima kwenye msongamano. Kisha lipa nauli, upande, ukae kiti cha mwisho.

Historia ya michoro hiyo ya matatu inahitaji maelezo kidogo, maana mgeni hudhani imekuwapo mfululizo. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni ambazo watu bado wanaziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Zilileta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano ubavuni, na magari yakapoteza rangi zake. Wachoraji wengine walikosa kazi, wengine wakahamia kwenye kuta. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba vijana waachwe wachore, na rangi zikarudi kwa kishindo. Vuta nikuvute na wasimamizi wa barabara haijaisha tangu hapo. Kwa hiyo nganya unayoipenda ipige picha leo, kwa ruhusa ya wenyewe. Mwaka ujao itakuwa na sura nyingine.

Sasa jua na mvua. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, linaparuza ukuta kutoka juu na kila kigae na msumari unatupa kivuli kirefu juu ya uso uliochorwa. Ukuta unaotazama mashariki uone kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Unaotazama magharibi ungoje saa kumi. Na usiogope baridi ya Julai: lile wingu zito linalowakera watu kwa wiki nzima hulainisha mwanga, na rangi huonekana zilivyo tangu asubuhi hadi jioni. Kwa upande wa majira, wachoraji hupenda ukuta mkavu, hivyo kazi mpya nyingi huonekana Januari na Februari, na tena baada ya masika. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, hula michoro kutoka chini: unyevu hupanda ukutani, rangi ya maji hufura na kubanduka kama ganda la kitunguu. Nyekundu mara nyingi ndiyo hupauka mapema. Nyeusi na buluu hubaki. Ukiona mtu ana midomo ya kijivu na koti lake bado ni buluu safi, si lazima mchoraji alitaka hivyo.

Pale rangi inapobanduka, sogea karibu. Ukingoni utaona rangi zilizotangulia, nne au tano, na unaweza kumuuliza jirani kila moja ilikuwa nini. Lakini usiulize mwaka. Watu hawakumbuki mwaka. Wanakumbuka uchaguzi, mafuriko, Korona. “Hii ilichorwa kabla ya Korona au baada?” itakupa jibu la uhakika kuliko swali lolote la tarehe.

Kibera ni mahali pa kujifunza hilo. Wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Solo 7 alizunguka akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati, katika mitaa ambayo nyumba zilikuwa zikichomwa. Mwaka 2009 Mfaransa aitwaye JR alifunika mapaa, karibu mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa pale pale, zilizochapwa kwenye turubai isiyopenyeza maji. Wakati wa mvua ikawa faida ya nyumbani pia. Kuelekea uchaguzi wa 2013 vijana walichora ujumbe wa amani hadi kwenye mabehewa ya treni inayokatiza mtaa. Mwaka 2020 zikaja barakoa na mikono inayonawa. Ukisimama kando ya reli ile na mkazi aliyeshuhudia yote manne, akakuonyesha kipi kilikuwa wapi, utatoka na mengi kuliko yanayoonekana, kwa sababu mengi hayapo tena.

Usiende Kibera, Korogocho au Mathare peke yako kwa mara ya kwanza, na sisemi hivyo kwa sababu ya wezi tu. Mtu anayepita akielekeza simu kwenye nyumba za watu bila kusalimia anaudhi, na ni haki aulizwe anatafuta nini. Omba mchoraji au kijana wa mtaa akutembeze. Patana bei kabla ya kuondoka, mlipe mkononi mwake, na kama mmeshinda pamoja hadi saa saba mnunulie chakula. Vaa viatu vya kufunga. Simu itoe mfukoni unapofika kwenye ukuta, uirudishe kabla ya kuendelea. Dandora nayo usiikose: huko vijana wamesafisha viwanja vidogo vilivyo katikati ya nyumba, wanaviita korti, wakapanda maua, wakapaka kuta rangi. Kumbuka tu kwamba korti ni ua wa watu, nguo zao zimeanikwa pale. Bisha hodi kama unavyobisha hodi kwa jirani.

Picha za watoto usipige bila mzazi kukubali, hata watoto wenyewe wakikukimbilia na kujipanga. Usielekeze kamera kwenye kituo cha polisi wala kambi ya jeshi, hata kama ukuta wake umechorwa vizuri. Mtu akiwa ameketi chini ya mchoro, mwombe kwanza, na akikataa shukuru uendelee. Ukitaka kuuza picha au kuichapa kalendani, mtafute aliyechora. Ile ni kazi yake, na hakuigawa bure kwa kuiweka barabarani.

Kuta nyingine zimechorwa kwa hasira, nazo zina maisha mafupi kuliko zote. Mapema mwaka 2012, waliokuwa wakienda kazini karibu na City Market, barabara ya Muindi Mbingu, waliamkia mchoro mkubwa wa mwanasiasa katika umbo la tumbusi. Mwanaharakati na mpigapicha Boniface Mwangi na wachoraji kadhaa walikuwa wamefanya kazi usiku. Nchi nzima iliuzungumzia, na aliyetaka kuuona kwa macho yake ilibidi afanye haraka. Michoro ya namna hiyo huwezi kuipangia safari. Jiandae tu: ukisikia asubuhi kwamba kuna ukuta umezua maneno, nenda siku hiyo hiyo, kabla ya kazi au saa ya chakula, kwa maana jioni ndoo ya chokaa huenda imeshafika. Wakati wa kampeni hali ni mbaya zaidi, mabango ya wagombea yanabandikwa juu ya kila kitu. Mwaka wa uchaguzi, maliza kuzunguka mapema.

Daftari langu lina safu tano, na sijaona simu iliyonitosha badala yake: mahali, kwa alama ambayo mtu wa mtaa ataielewa, kwa mfano “nyuma ya posho mill, mkabala na msikiti”, chata, aliyenieleza, alichosema, kwa maneno yake, na tarehe. Picha napiga mbili kwa kila ukuta. Moja ya mchoro wote, moja ya kutoka ng'ambo ya barabara, mkokoteni wa maji na kamba ya nguo vikiwamo, kwa sababu ukikata vitu hivyo hutajua baadaye mchoro ulikuwa unaongea na nani. Nikipata nambari ya mchoraji humtumia picha hizo siku hiyo hiyo. Utashangaa ni wachoraji wangapi hawana picha nzuri ya kazi yao wenyewe. Walimaliza magharibi, simu haina chaji, kesho yake wakaenda kwenye kazi nyingine.

Ukishazoea jiji, tenga siku moja uende Murang'a, mwendo wa kama saa mbili kwa matatu. Ndani ya kanisa kuu la Kianglikana kuna picha tano za maisha ya Kristo zilizochorwa ukutani na Elimo Njau, kijana aliyetoka Tanganyika kusomea sanaa Makerere. Alizichora miaka ya mwisho ya 1950, hali ya hatari ikiwa bado inaendelea, na watu, vilima na miti yake ni ya nchi ile ya Wagikuyu. Baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Nenda ukiwa umeshaona kuta mia za Eastlands. Utasimama mbele ya ile picha ya karamu ya mwisho ukitazama mikono ya watu waliochorwa, na utaanza kujiuliza maswali ya fundi: alianza juu au chini, alisimama juu ya nini, nani alimletea maji.

Kisha rudi kwenye ukuta wako wa kwanza. Kila mtafutaji anapaswa kuwa na ukuta mmoja wa karibu na kwake anaoupitia kila mwezi, akapiga picha kutoka pale pale aliposimama mara ya kwanza. Mafuriko ya Aprili 2024, na ubomoaji uliofuata kando ya mto Mathare, viliondoa nyumba nyingi pamoja na kila kilichokuwa kimechorwa ubavuni mwake, na waliokuwa na picha za kila mwezi ndio waliobaki na kitu cha kuwaonyesha waliohamishwa. Ukiukuta wako umefutwa, andika tarehe hiyo katika safu yake, nunua chai, uulize ni nani aliyefuta na nani sasa anachora. Mimi nilipouliza, kijana wa M-Pesa alinipeleka nyuma ya maduka. Mchoraji alikuwa ameinama juu ya karatasi ya bati, akimalizia samaki wa hoteli, na alipoambiwa nilikuwa nikimtazama nyanya yake miaka mitatu, aliweka brashi chini akaniuliza kama ninakumbuka kitambaa chake kilikuwa cha rangi gani.